Ujumbe wa Lamu kwenda Maskati: ushindi wa Shela na sulhu ambayo haikufungwa

Vita vya Shela husimuliwa Lamu kwa fahari, na ni haki yake. Mji mdogo wa kisiwani ulivunja nguvu za miji miwili mikubwa, Mombasa na Pate, pale ufukweni. Ila kila ninapokisikia kisa hiki barazani, msimulizi huishia pale maji yalipokupwa na adui akakosa pa kukimbilia. Kinachonishughulisha mimi ni kilichofuata. Mji ulioshinda ulituma watu Maskati kuomba ulinzi. Aliyeshinda ndiye aliyekwenda kuomba. Kwa nini? Na je, alikuwa na njia nyingine?

Nakichambua hapa kama kisa cha diplomasia baada ya vita, na nasema mapema ninakoelekea. Sioni kwamba wazee wa Lamu walikosea kumwita Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyekaa Maskati. Walikosea kumwita yeye peke yake, na kumwita kabla hawajazungumza na maadui walioshindwa Shela. Miaka yote iliyofuata, ya Lamu, ya Pate, ya Mombasa na ya Siyu, mji mwingine wa kisiwa cha Pate, naisoma kutokana na mazungumzo yale ambayo hayakufanyika.

Miji mitatu na kiti kimoja

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Asili yao Oman. Waliwekwa kuwa maliwali wa mji katika miongo iliyofuata kutolewa kwa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Katikati ya karne ya 18 utawala wa Yaarubi ulianguka Oman, Albusaidi, ukoo wa Sayyid Said, wakashika nchi, na Mazrui wakakataa kuwatambua wakubwa hawa wapya. Tangu hapo Mombasa ilijitawala. Pemba ilikuwa chini yao, na chakula cha Pemba ndicho kilichoupa mji ule uwezo wa kustahimili vita na kuzingirwa.

Kaskazini palikuwa na Pate ya masultani wa ukoo wa Wanabhani, iliyokuwa ikijihesabu mwenye visiwa vyote hivi, Lamu ikiwemo. Fahari yake ilikuwa kubwa kuliko nguvu iliyobaki. Mlango wa Pate hupitika vyema maji yakijaa tu, wakati bandari ya Lamu ina kina na imekingwa na kisiwa cha Manda. Nahodha mwenye mzigo hafuati heshima ya ukoo, hufuata kina cha maji. Biashara ikawa inasogea Lamu kidogo kidogo, na kila jahazi lililotia nanga huku lilikuwa ushuru uliopotea kule. (Bandari mpya iliyofunguliwa mwaka 2021 upande wa bara, yenye gati za meli kubwa, imejengwa kwa sababu ileile. Maji ya hapa ni ya kina.)

Lamu yenyewe haikuwa na sultani. Mambo yaliamuliwa na wazee wa koo wakikutana Yumbe, nyumba ya baraza la mji, na mji ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, zilizopokezana uongozi na kuoneana kijicho. Jambo hili tulishike, maana litarudi.

Vita vilianzia kwenye kiti cha Pate. Sultani Fumo Madi, mtawala mwenye mkono mzito, alipofariki, warithi waligombana. Mombasa ilimuunga mkono Ahmad, Lamu ikawa upande wa Fumo Luti. Ahmad akapata kiti. Fumo Luti akachukuliwa hadi Mombasa, akafungwa Fort Jesus na kufia humo. Kwa Waamu, watu wa Lamu, maana yake ilikuwa wazi. Pate na Mombasa sasa ni mkono mmoja, na waliomuunga mkono aliyeshindwa ndio watakaofuatwa.

Walifuatwa. Wanahistoria wengi huyaweka mapigano yale mwaka 1812 au 1813. Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela, kusini mwa mji, pale mkondo unapoingia kutoka bahari kuu. Waamu wakalikabili, wakalirudisha nyuma hadi kwenye vyombo vyake. Maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Waliokimbilia bahari waliikuta haipo. Waliokufa pale walikuwa wengi, na husimuliwa kwamba mifupa yao ilionekana kwenye vilima vya mchanga wa Shela miaka mingi baadaye. Nisisitize kwamba watu wa Mombasa na Pate waliyajua maji ya mwambao huu kama Waamu wenyewe. Hawakuja kwa ujinga. Walikuja wakiamini kwamba hawatahitaji kuondoka mbio.

Hofu ya aliyeshinda

Ukiitazama Lamu asubuhi ya baada ya vita, utaona kwa nini furaha haikudumu. Ilikuwa imelivunja jeshi, lakini haikuwa imeuteka mji wowote. Fort Jesus ilikuwa imesimama vilevile. Pemba ilikuwa bado inailisha Mombasa. Pate ilikuwa jirani wa karibu katika visiwa hivihivi, na aliyeketi kwenye kiti chake alikuwa mtu aliyeungwa mkono na Mombasa. Kila ukoo uliopoteza vijana mchangani pale ulikuwa na deni la damu juu ya Lamu, na deni la damu halichakai haraka.

Halafu Waamu walipigana kama watu wa mji wanavyopigana, wakiacha kazi zao kushika silaha. Hawakuwa na askari wa kulipwa wa kukaa ufukweni msimu baada ya msimu wakingoja tanga litokeze. Mashamba yao mengi yalikuwa bara, ng'ambo ya maji, mahali ambapo adui asiyeweza kuuvamia mji angeweza kuuumiza bila kuukaribia. Mji uliotawaliwa na pande mbili zinazopokezana ulikuwa pia na hatari ambayo sultani hana. Upande mmoja ukichoka, unaweza kufungua mlango. Hofu ya Lamu basi ilikuwa ya kweli, na ninawapinga wanaosema wazee wale waliuza mji kwa woga. Walikuwa wamepima.

Kumwendea Sayyid Said kulikuwa na mantiki. Yeye ndiye aliyekuwa na dai la muda mrefu juu ya Mombasa, na Mazrui ndio waliolikataa. Alikuwa mbali. Na alikuwa dhaifu! Hili la mwisho husahaulika sana. Sisi tunamjua Said wa baadaye, mtawala wa Unguja, mwenye karafuu na mikataba na mataifa ya Magharibi. Waamu walimwandikia kijana wa miaka ishirini na kidogo, aliyeingia madarakani mwaka 1806 na aliyekuwa na maadui mlangoni. Majeshi ya dola ya Diriyah, ya wafuasi wa Muhammad bin Abdulwahhab, yalikuwa yakiingia Oman na kutoza kodi. Majahazi ya Qawasim wa Ras al-Khaimah yalikuwa yakimsumbua baharini. Mtu wa namna hiyo hana jeshi la kumwaga pwani ya Afrika. Anaweza kukupa jina lake la kumtisha adui yako, na hawezi kukumeza. Kwa hesabu ya mwaka ule, ulikuwa ulinzi wa bei nafuu.

Said alikubali. Alimleta liwali pamoja na askari, na ngome ikajengwa mbele ya mji, ukingoni mwa maji. Ilikamilika karibu mwaka 1821, na ndiyo ile tunayoipita kila siku sokoni.

Hapa pana jambo la upepo ambalo nadhani lina uzito kuliko tunavyolipa. Ujumbe wa kwenda Maskati uliondoka na kusi, na jibu likangoja kaskazi. Kati ya ombi na msaada palikuwa na miezi mingi, hata mambo yakienda vizuri. Mlinzi wa namna hiyo hawezi kuitwa adui akionekana baharini. Atakuwa na maana tu kama watu wake wanakaa kwako kabla adui hajaja. Kwa hiyo liwali na askari hawakuwa nyongeza juu ya ulinzi, ndio ulinzi wenyewe, na wakishakaa huwezi kumwambia mlinzi kwamba mwaka huu hakuna vita, awarudishe. Sijakuta mahali popote katika kisa hiki ambapo Lamu iliweka muda wa askari wale kukaa, au kusema nani atawalipa amani ikirudi, au nani ataamua kwamba imerudi.

Hesabu iligeuka Arabuni

Kisha mizani ikainama, na haikuinamishwa na mtu wa mwambao. Mwaka 1818 Ibrahim Pasha, akiongoza jeshi la Misri, aliiangusha Diriyah. Mwishoni mwa 1819 Waingereza kutoka India waliishambulia Ras al-Khaimah, na Januari 1820 masheikh wa pwani ile wakaanza kutia saini mkataba wa kuacha mashambulizi ya baharini. Ndani ya takriban miezi kumi na sita Said alikuwa ameondolewa maadui wake wawili wakubwa, na wote wawili waliondolewa na watu wengine.

Said dhaifu ambaye Lamu ilimchagua alikuwa hayupo tena. Kuanzia mwaka 1822 vyombo vyake vilikuja kusini kwa nguvu. Pate ikaingizwa mkononi mwake, na mwaka uliofuata Pemba ikanyakuliwa kutoka kwa Mazrui, ambalo kwa Mombasa lilikuwa pigo la tumbo. Mwezi Septemba 1822 alifunga pia mkataba na Waingereza kupitia Kapteni Fairfax Moresby, uliozuia raia wake kuwauzia Wakristo watumwa. Mkataba ule ulimpunguzia mapato, ila ulimpa kitu alichokihitaji zaidi. Waingereza wakamwona mtu wa kufanyia naye kazi.

Lamu ikajikuta iko upande wa mshindi bila kufanya lolote, na wengi hapo wangesema mwisho mwema. Lakini tuangalie ilichokuwa nacho mkononi. Mwaka 1813 Said alikuwa akiihitaji Lamu kama Lamu ilivyomhitaji yeye, maana ilikuwa mguu wake wa kwanza wa uhakika kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1823 alikuwa na Unguja, Pate, Pemba na urafiki wa Waingereza. Lamu ilikuwa bandari moja kati ya nyingi. Masharti huwekwa siku ile mlinzi anapokuhitaji, na siku ile ilikuwa imepita.

Walivyofanya Mombasa na Siyu

Huwezi kuihukumu Lamu bila kuwatazama wengine waliokabiliwa na nguvu ileile. Mombasa ndiyo ya kuvutia zaidi, kwa sababu ilijaribu njia ya mkataba.

Liwali Ahmed bin Muhammad alifariki mwaka 1814 na mwanawe Abdullah akashika nafasi yake. Ilikuwa ada kupeleka zawadi Maskati kama ishara ya utii. Abdullah alipeleka fulana ya vita ya chuma, baruti na risasi kidogo, na kibaba cha kupimia nafaka. Huo ulikuwa ujumbe wa kivita, na Said aliuelewa. Ninauheshimu ujasiri wake, lakini kama diplomasia ulikuwa upotevu. Mombasa ilikuwa imetoka kupoteza jeshi Shela, na ndiyo iliyohitaji muda. Mtu anayehitaji muda hapeleki risasi.

Baada ya Pemba kwenda, Mazrui walitafuta mlinzi wao. Februari 1824 Kapteni William Owen, aliyekuwa akipima pwani ya Afrika kwa jeshi la majini la Uingereza, alikubali kuiweka Mombasa chini ya bendera yake. Masharti ya makubaliano yale yanafaa kusomwa kwa makini. Mazrui wabaki watawala, wao na warithi wao. Warudishiwe maeneo yao waliyopoteza. Mwakilishi wa Uingereza akae mjini. Ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Biashara ya watumwa ikome Mombasa. Hapa kuna kila kitu ambacho ombi la Lamu halikuwa nacho: nani anatawala, nani anakula nini, nani anadaiwa nini.

Na bado yalivunjika. Luteni John James Reitz aliyeachwa kusimamia mji alifariki kwa homa mwaka huohuo, na mwaka 1826 Waingereza wakashusha bendera na kuondoka. Owen alikuwa ameahidi kwa niaba ya serikali ambayo haikumtuma kuahidi. London na Bombay zilimtaka Said, kwa sababu Oman ilikaa kwenye mlango wa Ghuba na njia ya India. Kwao Mombasa haikuwa na thamani ya kumkosa. Masharti mazuri yaliyoandikwa na mtu asiye na mamlaka yalidumu miaka miwili na ushei.

Kuanzia 1828 Said alikuja Mombasa mara kwa mara, mara kwa mizinga, mara kwa makubaliano yaliyovunjika upesi. Aliupata mji mwaka 1837, baada ya Mazrui wenyewe kugawanyika juu ya nani ashike uongozi. Wakubwa wao walikamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi. Waliobaki wakatawanyika, wengine Takaungu, karibu na Kilifi, wengine Gazi upande wa kusini.

Siyu ilichukua njia ya tatu. Haikumwita mtu wala kumwandikia mtu. Ilipigana. Mwaka 1844 jeshi la Said, lililokuwa limezoea kushinda, liliingia kisiwa cha Pate kuivunja Siyu ya Sheikh Mataka, na likavunjwa lenyewe kati ya mikoko na vichaka. Amiri wake mkuu, Hamad bin Ahmad, aliuawa. Siyu ilishikilia uhuru wake hadi mwaka 1863, ilipoangukia kwa Sultani Majid. Mji ule uliishi huru nusu karne baada ya Shela. Nakiri kwamba kila nikiikumbuka Siyu, utetezi wangu wa wazee wa Lamu hupungua nguvu.

Haufi kabisa, hata hivyo. Watu wa Lamu hawakupakiwa merikebuni kama wakubwa wa Mazrui. Mji wao ulikua, Shela ikajengeka kwa mawe, biashara ya boriti, nafaka na pembe ikastawi. Katika hesabu hiyo lazima tuseme pia kwamba mashamba ya bara yaliyoutajirisha mji yalilimwa na watumwa, na kwamba amani ya Albusaidi ilikuwa amani kwa mabwana wao, si kwao. Ushuru wa pwani ulikodishwa Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji ikiushika kwa miaka mingi. Uamuzi juu ya mapato ya bandari ya Lamu ulikuwa umeondoka Lamu.

Sulhu iliyowezekana

Sasa nifike kwenye kiini. Baada ya Shela kulikuwa na kipindi kifupi, kati ya vita na kuwasili kwa liwali wa Said, ambapo pande zote tatu za mwambao zilikuwa na sababu ya kukaa chini. Mombasa ilikuwa imeumia. Pate ilikuwa imeumia zaidi, na sultani wake alikuwa na wapinzani nyumbani. Lamu ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuwa, lakini ikiwa na hofu niliyoieleza. Hakuna wakati bora wa sulhu kuliko huo, ambapo aliyeshinda anajua hawezi kurudia na aliyeshindwa hajapata nguvu za kulipiza.

Niliwahi kulisema hili barazani, na mzee mmoja akanijibu kwa ukali wa upole, kama wazee wetu wanavyojibu. Mwanangu, aliniambia, watu waliomfungia Fumo Luti ngomeni mpaka akafa, wewe ungewapa mkono? Ni pingamizi zito na silipuuzi. Lakini sulhu hufungwa na adui, hasa adui asiyeaminika, ndiyo maana huwekwa mashahidi na dhamana.

Na vyombo vya kufungia sulhu vilikuwapo. Masharifu, ambao nasaba zao zilikuwa Pate, Lamu na Mombasa kwa pamoja, waliheshimiwa kila mji na waliweza kupita pale ambapo mjumbe wa kawaida angekatwa kichwa. Sheria ya Kiislamu, ambayo miji yote mitatu iliifuata, ilikuwa na njia ya kulipa damu kwa diya, yaani fidia ya mali, badala ya damu. Mazrui wenyewe walikuwa mabingwa wa kutawala kwa makubaliano. Mombasa waliishika kwa mapatano na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji, na waliweka ahadi na Mijikenda wa bara na kuzilipia zawadi. Watu wa namna hiyo wanajua mkataba ni nini. Hata maneno yenyewe hayakukatika kati ya miji. Malenga wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa mashairi ya majigambo na vitisho, na yakavuka bahari na kujibiwa. Njia iliyopitisha matusi ingeweza kupitisha masharti.

Masharti gani? Naona matatu yaliyokuwa ndani ya uwezo wao. Kiti cha Pate kiachwe kwa Wapate, Mombasa na Lamu zote zitoe mkono. Lamu iache kudaiwa utii na Pate, na kwa badala yake vyombo vya Pate vipate nafuu ya ushuru Lamu, ili hasara ya bandari yao isigeuke kuwa vita kila kizazi. Na Mombasa na Lamu ziapizane kwamba hakuna mmoja atakayeleta jeshi la nje ya mwambao bila mwenzake kujua. Hilo la mwisho lingekuwa gumu kuliko yote, na ndilo lililokuwa na faida kuliko yote, kwa sababu Said wa 1813 hakuwa na uwezo wa kuingia bila kufunguliwa mlango na mmoja wao.

Sidai kwamba sulhu hiyo ingedumu milele. Labda ingedumu miaka kumi. Lakini miaka kumi ingefika 1823, na Said angeikuta pwani yenye mapatano, badala ya pwani ambayo kila mji unamwogopa jirani kuliko unavyomwogopa mgeni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Alichokifanya Said hakikuhitaji hila kubwa. Aliingia katika nafasi ambayo Lamu, Pate na Mombasa zilimwachia, mji mmoja baada ya mwingine, na kila mji ulipoanguka ulikuwa na jirani aliyefurahi. Lamu iliona Pate ikiingizwa mkononi mwa Said bila kutikisika. Mwaka 1837 Mombasa haikuwa na rafiki kaskazini, kwa sababu rafiki pekee aliyewezekana alikuwa na askari wa Said ndani ya mji wake tangu miaka zaidi ya ishirini.

Wapo wanaosema Waingereza na Wajerumani wangekuja tu, kwa hiyo haya yote ni hewa. Sikubaliani. Walikuja kweli, lakini walikuja kumkuta mmiliki mmoja wa pwani nzima, aliye rahisi kubanwa kwenye meza moja. Said alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, akaamua mgogoro wa wanawe kwa kuitenga Unguja na Oman. Lamu ikaangukia fungu la Unguja. Mlinzi ambaye wazee walimwandikia Maskati hakuwa tena wa Maskati, na hakuna aliyewauliza kama mkataba wao ulikuwa na mji au na mtu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliugawa mwambao kwa maili, ukanda wa Sultani ukikomea Kipini, na Lamu ikatajwa kwa jina miongoni mwa visiwa alivyoachiwa.

Miaka mitatu baadaye kampuni ya Wajerumani wa Witu, bara karibu na Lamu, na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ziligombea haki ya kukusanya ushuru wa bandari ya Lamu. Mgogoro ulipelekwa kwa msuluhishi Ubelgiji, Baron Lambermont, aliyetoa uamuzi wake tarehe 17 Agosti 1889. Aliona kwamba madai ya kampuni ya Wajerumani hayakuthibitika, na ushuru ukaishia kwa Waingereza. Shauri lilisikilizwa kati ya Ujerumani na Uingereza, na hoja zilihusu kile Sultani wa Unguja alichoahidi na kile ambacho hakuahidi. Yumbe ya Lamu haikuwa na mtu mle ndani, wala haikuwa na karatasi ya kupeleka. Karatasi ambayo ingeweza kuonyesha kwamba ushuru ule uliwahi kuwa wa mji, na kwa masharti gani ulikabidhiwa, ilipaswa kuandikwa mwaka ule wa Shela.